Kabla ya Kukata Saladi, Mwangalie Mlaji Mdomoni

Niondoleeni kwanza hicho kimashine cha kuvuta kamba. Nakijua. Mjukuu wangu Akiru anacho hapa nyumbani, cha plastiki ya kijani, na juzi alitia ndani kabichi, karoti na majani ya saladi, akavuta kamba mara tano, akafungua kifuniko na kuniletea uji. Mboga ilikuwa imetoa maji yote iliyojaliwa na Mungu. Nikamuuliza hiki ni nini.

"Babu, wacha presha. Imekatika fiti."

Haikukatika. Ilipondwa. Kukata ni kazi moja na kuponda ni kazi nyingine, na mtu asiyejua tofauti yake asinipikie.

Mimi ni Ekai. Nimepika kwa miaka thelathini na moja, kwanza katika nyumba ya wageni hapa Lodwar, halafu katika jiko la wafanyakazi wa misaada kule Kakuma. Sasa nimestaafu. Mke wangu anauza samaki Kataboi na hurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nimebaki na ubao mmoja, kisu kimoja, na huyu Akiru anayesomea upishi na kunipandisha damu. Mwalimu wao amewaambia wawaombe wapishi wa zamani wawaandikie vijana mambo ya kazi. Haya, naandika. Lakini msidhani nimekuja kuwasema ninyi peke yenu. Kosa kubwa kuliko yote nililifanya mimi, mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu kwa heshima zote, na lilikaribia kumrudisha mama yangu kijijini kwake Lorugum akiwa hana damu mwilini.

Mama alikuwa ameanza kuishiwa nguvu. Akienda kuteka maji alikaa chini mara tatu njiani. Nikamleta Lodwar hospitalini, wakampima, wakasema damu imepungua sana. Akapewa vidonge na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, na muuguzi akaniambia, "Mzee, huyu mama lazima ale. Nyama kidogo, ndengu, matunda, na mboga za majani kila siku. Na kwa sasa asikae mbali na hospitali."

Mama akauliza yule msichana anasema nini. Nikamtafsiria. Mama anaongea Kiturkana tu, kwa hiyo maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili. Akasema, "Mwambie mimi si mbuzi."

Sikumwambia.

Sasa, mtu akiwa mpishi miaka thelathini na moja halafu mama yake aambiwe ale mboga, anaona nafasi imekuja yenyewe. Fikirini: nimewapikia watu wa kila nchi, na mama yangu hakuwahi kula chakula cha mkono wangu hata siku moja. Alikuwa akija mjini, anakunywa chai, anaondoka. Kwake yeye mwanamume anayekata vitunguu ni habari ya kusikitisha isiyozungumzwa mbele za watu. Kwa hiyo Jumatano ya wiki hiyo nilimtengenezea saladi ya hoteli, ile ya kuwekewa mgeni mkubwa. Majani mapana, nimeyachana kwa mkono. Nyanya za mviringo, vitunguu vya pete, yai juu. Wanawake wawili wa kanisani walikuwa wamekuja kumjulia hali, nao wakakaribishwa.

Mama alichukua jani moja kwa adabu, kwa sababu kulikuwa na wageni. Akalitia mdomoni. Nusu ikaingia, nusu ikabaki nje. Akavuta, halikukatika. Akalisukuma kwa kidole, likaingia lote jinsi lilivyo, likamkwama kooni. Alikohoa mpaka nikampiga mgongoni. Wale wageni waliangalia sakafu. Alipopata pumzi alijifuta mdomo kwa pindo la shuka, akanitazama, akasema, "Jumamosi gari la Lorugum likipita, ninapanda."

Hakuna aliyembembeleza akasikilizwa. Nilimwambia kuhusu damu yake, akasema damu yake anaijua. Nilimwambia kuhusu tarehe ya hospitali, akasema hospitali ina miguu, ikimtaka imfuate. Nilikasirika, siwafichi. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Nani alinifundisha kuchana majani kwa mkono? Bwana Simiyu, mpishi mkuu wa ile nyumba ya wageni, mtu wa upande wa Kitale ambaye tumbo lake lilifika jikoni kabla yake. "Saladi haikatwi kwa kisu," alikuwa akisema. "Inachanwa. Kisu kinaiachia kutu." Alikuwa na ukweli, lakini nusu. Kisu butu kinaponda ukingo wa jani, na baada ya saa moja ukingo unageuka kahawia. Kisu kikali, kwa chakula kinacholiwa hapo hapo, hakina neno. Hiyo nusu ya pili hakunifundisha, nami sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi wakati huo nilikuwa na hofu ya kuonekana mjinga, na hofu hiyo ndiyo ujinga wenyewe.

Mjinga nilikuwa kweli. Siku yangu ya kwanza Bwana Simiyu alinipa kikapu cha saladi, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, akaniambia, "Osha vizuri sana." Basi nikaosha vizuri sana, kwa sabuni ya unga. Nikasuuza mara moja tu, maana maji yalikuwa ya kubebwa na nilifundishwa tangu utotoni kutoyachezea. Bwana Simiyu akaonja jani moja kabla halijaenda mezani. Povu lilimtoka pembeni mwa mdomo. Nilisubiri kufukuzwa. Akatema, akasuuza kinywa, akasema, "Ekai, hiyo ni mboga. Si soksi." Mpaka anaondoka pale aliniita Soksi.

Katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na mlinzi, Mzee Ewoi, mtu wa umri wa mama yangu. Alikula jikoni wageni wakishamaliza. Kila siku alimaliza nyama, alimaliza ugali, na kila siku majani ya saladi aliyasukuma pembeni mwa sahani, yakalala pale yamepangwa vizuri. Mimi niliyekuwa nimeyaosha, sasa bila sabuni, niliona ni dharau, nikamsemesha kwa Kiswahili chetu cha jikoni.

"Mzee, kwa nini hapana kula hii? Hii iko na afya."

"Hii peleka kwa mbuzi."

"Wewe ni mshamba sana, mzee."

Nilisema hivyo mbele ya watu, kijana wa juzi mimi. Mzee Ewoi aliosha sahani yake, akaiweka mahali pake, akarudi getini. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilimpakulia majani na alinirudishia majani, na wala sikujiuliza mara moja kuna nini.

Lakini nimewaacha Jumatano, na ninyi mnataka Alhamisi. Alhamisi nilijaribu kabichi. Nikaikaanga laini kwa mafuta ya mbuzi ambayo mama anayapenda. Akala mafuta. Kabichi niliikuta ukingoni mwa sahani, imepangwa.

Hapo Akiru akajitolea kusaidia, na nikazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu alikata sukuma wiki kwanza halafu ndiyo akaiosha. Nani anawafundisha hivyo? Ukikata kisha ukaosha, utamu unakwenda na maji na mchanga unabaki. Na huu ni mji wa mchanga. Upepo wa hapa hauna adabu, unaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko. Kule Kakuma mgeni mmoja aliwahi kunisifu kwa kiungo changu kinacholia mdomoni, akaomba jina lake. Nilimwambia ni siri ya jiko.

Sikilizeni basi. Tenganisha jani moja moja. Lizamishe kwenye beseni, litikise polepole, uache mchanga utue chini. Kisha unainua majani. Narudia kwa ajili ya Akiru: unainua majani, humwagi maji. Ukimwaga maji majani yakiwa ndani, mchanga wote unarudi juu yake kama mkopo. Fanya hivyo mara tatu, na maji ya mwisho yawe ya kunywa, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwa sababu mboga mbichi haina moto wa kuisaidia. Maji ya kwanza wape mbuzi, ya pili mwagia mche wa ndimu, ya tatu anzia kuoshea viazi. Halafu kausha majani kwa kitambaa safi. Jani lenye maji linateleza, na kinachofuata ni kidole chako. Na ikiwa mboga imefika kwa lori kutoka Kitale imelegea kama tambara, usiitupe. Izamishe nusu saa kwenye maji ya mtungi, yale ya baridi, itasimama yenyewe.

Kisu kinolewe. Sitaeleza zaidi. Kisu butu ndicho kinachokata watu.

Basi usiku wa Alhamisi sikulala vizuri, na asubuhi ya Ijumaa nikaona mama ameanza kukunja vitu vyake. Vidonge vya hospitali aliviweka dirishani, mbali na mzigo. Hapo nikaogopa. Nikampigia simu Mama Achol.

Mama Achol ni mkimbizi kutoka Sudani Kusini. Tulipika pamoja Kakuma miaka mingi, na sasa ana kibanda chake cha chakula kule kambini. Kwao wanapika mboga wanayoiita kudra, hii hii tunayoijua kama mrenda, na ukimwona akiikata utadhani ana ugomvi nayo. Anakusanya majani, anayakunja pamoja mpaka yanakuwa kitu kimoja kigumu cha kushikika. Ncha ya kisu haiachi ubao, mpini ndio unaopanda na kushuka. Akifika mwisho anakusanya, anageuza, anakata upande wa pili, anakusanya tena. Anaendelea mpaka rundo lililokuwa mlima linakuwa kilima. Nilikuwa nikimcheka. "Unakatia ndege?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Shweya shweya, akhui. Mimi nakata ya watu yote. Mtoto iko, mzee iko." Pole pole, ndugu yangu, ndiyo maana yake. Nilisikia miaka yote hiyo, na nilidhani ni maneno ya kupitishia muda.

"Mama Achol, mama yangu amekataa majani. Kesho anarudi Lorugum."

"Malesh, Ekai, pole. Mama iko na meno ngapi?"

"Meno? Ana meno mengi tu."

"Wewe umeangalia?"

"Kwa nini niangalie?"

Nilisikia sufuria zikigongana kwake. "Wewe mpishi gani? Enda kwanza uangalie. Kalas, basi. Mimi iko na watu hapa." Akakata.

Nikakaa na simu mkononi, hasira imenijaa. Mimi, niliyepikia mabalozi, naulizwa mpishi gani! Lakini nilikwenda. Mama alikuwa ameketi kivulini, ameegemea ukuta, ugoro wake kiganjani.

"Mama, fungua mdomo."

Mjue kwamba kwetu mdomo unaofunguliwa ni wa mnyama, siku ya mnada, mnunuzi akitaka kujua umri.

"Umepata mnunuzi?" akauliza.

"Mama, tafadhali."

Akafungua. Na nini nilikiona? Nilichokiona kila siku tangu nizaliwe. Pengo la chini, mbele, mahali pa meno mawili. Waliyang'oa alipokuwa msichana, kama walivyofanya kwa rika lake lote, na kwa watu wa rika lake pengo hilo ni uzuri na ni utu. Mimi nilipelekwa shule ya misheni mapema, meno yangu yakasahaulika mdomoni. Kwangu lile pengo halikuwa pengo. Lilikuwa uso wa mama.

Sasa tafuneni jani la saladi na mjichunguze. Jani pana halikatwi na magego, linakatwa na meno ya mbele, ya juu yakikutana na ya chini. Mama hana pa kukutanishia. Na chakula chake chote maishani hakikumhitaji kukata kwa meno: maziwa yananywewa, uji unanywewa, ugali unamegwa kwa mkono, nyama inakatwa kwa kisu pale pale mdomoni. Hata mboga za porini walizokuwa wakichuma zilichemshwa mpaka zikasahau kama ziliwahi kuwa majani. Halafu anakuja mtoto wake, mpishi, anamwekea jani la ukubwa wa kiganja mbele ya wageni na kumwambia ni afya.

"Umemaliza?" mama akauliza. "Nina umri gani?"

Nilikuwa nimemkumbuka Mzee Ewoi. Naye alikuwa na pengo lile lile. Alipocheka lilionekana, na alicheka mara nyingi, isipokuwa mbele yangu. Angesema nini, mtu mzima, kwa kijana mwenye kisu? Aseme siwezi? Alisema ni ya mbuzi, na mimi nikamwita mshamba. Amekufa miaka mingi na neno lile sijalirudisha. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa naangalia sahani zinazorudi kwa miaka thelathini na moja, na sikuona.

Jumamosi niliamka mapema kabla upepo haujaanza. Nikaosha mara tatu, nikakausha. Nikapanga majani ya saladi kumi, moja juu ya jingine, nikatoa ule uti mgumu wa katikati, nikayakunja kwa nguvu. Nikakata nyuzi nyembamba kadiri kisu kilivyoweza. Nikageuza, nikakata upande wa pili. Nikakusanya, nikakata tena. Bwana Simiyu alikuwa akinipigia kelele kichwani na nikamwambia anyamaze. Majani ya sukuma wiki machanga nikayafanyia vivyo hivyo, nikayapitisha kwenye mvuke kidogo. Kitunguu nikakikata mpaka kikawa punje, nikakikamua kwa chumvi kuondoa ukali. Nyanya nikaitoa mbegu na ganda. Dania kidogo, ndimu, na kijiko cha mafuta ya mbuzi vuguvugu. Nikachanganya kwa mkono. Kila kitu kilikuwa laini kama ugoro, na si mfano wa kubuni huo, nilikwenda nikachungulia kiganja cha mama kupima.

Nilipotoka nje alikuwa ameshafunga mzigo, ameukalia. Pikapu ya Lorugum ilikuwa imesimama barabarani, inapakia magunia ya unga. Vidonge bado vilikuwa dirishani. Nikampa bakuli.

"Hii ni nini?"

"Majani."

"Yale?"

"Yale yale."

Akaangalia ndani. Akachota kwa vidole vitatu, jinsi anavyochota ugoro, akaweka shavuni. Taya likaanza kwenda. Dereva akapiga honi. Mama akachota tena. Mimi nilisimama pale na kitambaa mkononi, mzee mzima, nikihesabu anavyomeza. Sijawahi kumwogopa mgeni yeyote kama nilivyoogopa lile bakuli.

Honi ya pili. Akiru akaja mbio kutoka barabarani. "Babu, dereva anauliza, anaenda ama haendi?"

Mama hakumwangalia. Alifuta bakuli kwa kidole, pande zote, akalamba kidole.

"Mwambie aende," akasema. "Na uniletee vile vidonge."

Akiru akakimbia. Mama akameza vidonge kwa maji, akaniita karibu.

"Ekai. Hao wageni uliokuwa ukiwapikia, walikuwa na meno?"

"Walikuwa nayo, mama. Yote."

"Basi miaka yote hiyo walikuwa wakikulipa uwakatie nini?"

Nikachukua bakuli nikarudi kwenye ubao, kwa sababu alikuwa ameniambia niongeze.